Simu Ilisema Saa Kumi na Saba

Wanangu mnaosomea mambo ya safari na utalii, mlipokuja kwangu juzi kuniomba niwaeleze kazi ya kukata tiketi, mmoja wenu alitoa simu kabla sijamaliza hata kuwamiminia chai. Akaiuliza, "Kutoka Kilimanjaro hadi Vancouver ni mbali kiasi gani?" Simu ikajibu papo hapo: kilomita elfu kumi na nne na nusu hivi, saa kumi na saba za ndege. Mkacheka, mkaniangalia kama vile kazi yangu yote imeingia mfukoni mwa mtoto. Mimi sikucheka, na nadhani mliona nimenuna. Nilinuna kweli. Hizo saa kumi na saba nazijua vizuri. Zilisababisha mama wa mtu azikwe bila mwanawe, na leo nitawaeleza ilikuwaje.

Kwanza mnijue. Mimi ni Zuhura. Nimezaliwa hapa Moshi mjini. Baba alikuwa fundi cherehani, Mnyamwezi, mama Mpare, na Kichagga nilijifunza mtaani kwa kugombana na wenzangu. Nimekata tiketi za ndege maisha yangu yote ya kazi, kwenye kiofisi kidogo karibu na soko, mpaka kilipofungwa. Leo pale wanauza makava ya simu. Nikienda sokoni nazunguka kwa nyuma ili nisipaone.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Salehe, Mungu amrehemu. Mtu mkali, mnywaji wa kahawa chungu, mdomo wake haukuwa na kufuli. Mezani kwake kulikuwa na tufe la dunia lililopasuka upande wa bahari, na droo ilijaa nyuzi nyeusi za cherehani. Mteja akiuliza safari ni ndefu kiasi gani, Mzee Salehe anavuta uzi mmoja juu ya tufe, moja kwa moja, kutoka hapa mpaka huko. "Hii," anasema, "ni njia ambayo hakuna ndege inayopita." Kisha anachukua uzi wa pili, anaupitisha kwenye miji ambayo abiria atabadilisha ndege, na kila mji anapiga fundo. "Na hii ni njia yako wewe. Watu hawachoki kwenye uzi, mama, wanachoka kwenye mafundo."

Nilipokuwa mgeni nilimwona anapoteza muda wa wateja. Tulikuwa tunaandika tiketi kwa mkono, karatasi juu ya karatasi, kaboni nyekundu inakuacha vidole kama umetoka kuchinja. Ukikosea herufi moja ya jina, tiketi nzima imekufa, na Mzee Salehe anakutukana wewe na aliyekupeleka shule. Halafu zikaja kompyuta. Halafu tiketi zikawa hazishikiki, ziko hewani tu. Nyuzi zikabaki kwenye droo na Mzee Salehe akabaki makaburini. Siku nilipobaki peke yangu na ile kompyuta nililia, sijui hata nililia nini.

Sasa, kabla sijafika kwenye uchungu, niwape kichekesho kimoja, maana mkiondoka kwangu na machozi matupu mtasema bibi huyu ana mkosi. Kulikuwa na mama mmoja wa Machame, Mama Ndeshi, binti yake ni nesi huko huko Vancouver. Binti alijifungua, na mama akaamua kumpelekea mjukuu mbege ya kumbariki. Mnaijua mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, ikishatiwa kimea hailali, inachemka yenyewe mpaka iive. Akanijia ofisini akaniuliza saa za safari, nikamwambia pamoja na kulala Amsterdam. Yeye akatoa zile za kulala. "Hapo si nimekaa tu kwenye kiti, mama Zuhura? Mbege nayo itakuwa imekaa." Akahesabu saa za angani peke yake, akafunga dumu la lita tano kifuniko kikakaza, akalizungushia vitenge, akatia sandukuni.

Mbege haijui kama mwenyewe amekaa. Sanduku lilitoka kwenye mkanda wa mizigo kule Vancouver limevimba, linatiririka, linanuka kilabu, na askari wamesimama mbali wakiogopa. Mama Ndeshi akawaeleza kwa Kichagga, kwa sauti, kwamba ni baraka. Ofisini tulicheka wiki nzima. Lakini shikeni hapo: alihesabu saa za angani akaacha za kungoja. Kosa hilo hilo alilifanya mtu mwingine, na la kwake halikumchekesha mtu.

Mtu huyo ni Mzee Elirehema wa Old Moshi. Mkulima wa kahawa na migomba, mzee wa kanisa, mtu aliyenyooka na mwenye kiburi chake. Alikuwa na binti, Aikande, mwalimu, jirani hapo hapo mlimani, na mtoto wa mwisho wa kiume, Aminieli, fundi umeme Vancouver. Kwa mila ya Wachagga mtoto wa mwisho ndiye anayerithi nyumba ya baba na kihamba, yaani lile shamba la ukoo lililozunguka nyumba. Mzee alitaka Aminieli arudi ashike kihamba chake. Aminieli kila mwaka alikuwa anasema mwakani. Basi baba na mwana walikuwa wakiongea kwenye simu dakika mbili za salamu, dakika ya tatu ugomvi, na mama katikati anawanyang'anya simu.

Yule mama akafariki ghafla. Haya nayasema kama alivyonisimulia Aikande mwenyewe. Aminieli alipata tiketi siku ile ile. Hakukata kwangu, alikata kwenye simu yake, na kwa haraka ya msiba akachukua ile safari inayokuachia nafasi kidogo mno ya kubadilisha ndege Amsterdam. Wanangu, andikeni hili hata kama hamtaandika lingine: wakati wa baridi Ulaya msimpe abiria nafasi finyu kati ya ndege na ndege, na abiria wa msiba hata wakati wa joto msimpe. Theluji ikachelewesha ndege ya kwanza. Ya pili ikamwacha. Simu yake ikazima, na waya wa kuchajia uko kwenye sanduku, na sanduku liko kusikojulikana.

Huku mlimani Mzee Elirehema alikuwa amemuuliza mjukuu wake, mtoto wa Aikande, na mjukuu akaiuliza simu. Saa kumi na saba. Mzee akaanza kuhesabu tangu Aminieli aliposema naingia kwenye ndege. Siku ya maziko ikafika, mchungaji kafika, watu wamejaa mpaka kwenye migomba, mtoto hayupo.

Aikande akamwambia, "Baba, tungoje mpaka kesho."

"Kesho ya nini? Ndege haipandi mlima, haisimami vituoni, haina pancha. Simu imesema saa kumi na saba, zimepita na nyingine zimepita juu yake. Huyo hakupanda ndege. Ametudanganya kama anavyotudanganya kuhusu kihamba."

"Baba, nakuomba."

"Zikeni."

Wakazika. Kesho yake mchana Aminieli akashuka kwenye teksi, suti nyeusi imekunjamana, ndevu zimeota, akapanda mpaka nyuma ya nyumba akakuta udongo mbichi na maua yaliyoanza kusinyaa kwa jua. Alisimama pale, Aikande anasema, mpaka majirani wakaona haya kumwangalia. Kisha akamwendea baba yake.

"Ulishindwa kuningoja siku moja?"

"Na wewe ulishindwa kuja?"

Hayo tu. Aminieli hakuingia ndani, hakula, hakulala pale. Akashuka mjini, akapanda ndege ya kwanza aliyoipata, na tangu hapo akawa anaongea na dada yake peke yake. Baba akishika simu, anakata.

Mimi nilimwona Mzee Elirehema kwa mara ya kwanza muda mrefu baada ya hapo. Aliingia ofisini anajikokota, miguu imevimba mpaka viatu havifungiki, Aikande amemshika mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Wewe ndiye wa tiketi?" Akakaa. "Mimi sisafiri. Nina swali. Simu ilisema mtu akitoka Vancouver mpaka kwangu ni saa kumi na saba. Ni kweli?"

Sikuwa najua habari zake zote siku hiyo. Ningejua, labda ningemwambia kwa upole zaidi. Nilifungua droo, nikashusha tufe la Mzee Salehe, nikavuta uzi wa kwanza. Ukapita juu huko kwenye barafu, karibu na utosi wa dunia. "Simu ilikupa huu, mzee."

"Ndege ya huu ipo?"

"Haipo. Hakuna ndege inayotoka huko ikaja moja kwa moja mpaka KIA, uwanja wetu hapa." Nikavuta uzi wa pili nikapiga fundo Amsterdam. "Anapita hapa. Na hapa anashuka, anangoja. Ikitokea theluji, ya kwanza ikachelewa, ya pili haimngojei mtu. Anaweza kukaa siku nzima."

Aliinama akalitazama lile fundo kwa karibu, macho yake hayakuwa mazuri. Akaweka kidole juu yake.

"Kwa hiyo mimi ninatupa udongo, mwanangu alikuwa hapa?"

Aikande akageuka akatazama ukutani. Nikasema, "Kama ni siku za theluji, mzee, alikuwa hapo."

Akavua kofia akaishika magotini. Mtu mzima akilia bila sauti ofisini kwako, hujui hata umpe maji au umwache. Mwishowe akasema, "Nilimhukumu mtoto kwa uzi ambao haupo." Akaniomba ule uzi wa pili, wenye fundo. Nikampa.

Wiki iliyofuata akarudi na isale. Nyie mliozaliwa mjini mnaliona kwenye bustani za hoteli mkadhani ni ua la mapambo. Kwa Mchagga isale ni jani la msamaha. Ukimkosea mtu, kosa lolote lile, ukampelekea isale, hana ruhusa ya kukukatalia. Na kwa kawaida huwa linapanda: mdogo kwa mkubwa, mtoto kwa baba. Mzee Elirehema alitaka literemke, baba kwa mtoto. Mlimani ikawa kelele. Mdogo wake, Mzee Ndetaramo, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wao, alimjia juu: "Baba hampelekei mtoto isale! Unataka kuugeuza mlima chini juu?"

"Mlima uligeuka siku ile nilipomzika mama yake bila yeye," Elirehema akamjibu. "Nyamaza wewe."

Aikande, kama nyie, akaona mambo rahisi: akalipiga picha lile jani akamtumia kaka yake. Jibu likaja: *Dada, isale halitumwi kwa simu. Simu ndiyo iliyonikosesha mama yangu.* Ilibidi jani lenyewe lisafiri.

Ndeshi, yule nesi wa Machame, binti wa mama wa mbege, alikuwa nyumbani kwa likizo na tiketi yake ya kurudi nilimkatia mimi. Nikamwomba. Nikamwonya Mzee pia, maana ni kazi yangu kuonya: "Mzee, kule hawaruhusu majani mabichi kuingia. Watalichukua mlangoni."

"Wewe sema tu litakaa njiani muda gani."

"Kama siku moja na nusu. Likikwama, mbili."

"Isale halinyauki kwa siku mbili. Hayo mengine niachie."

Aliyoyasema yalikuwa sawa, na niliyoyasema mimi yalikuwa sawa. Ndeshi alilifunga kwenye gazeti, likavuka Amsterdam, likafika Vancouver kijani kibichi. Pale kwenye ukaguzi akalitoa mwenyewe, maana ni mama wa watu, hadanganyi. Akamweleza afisa kwamba ni baba mmoja anamwomba mwanawe msamaha. Afisa akamsikiliza mpaka mwisho, akasema pole sana, akalitia kwenye pipa. Sheria ya nchi yao, hatuna la kuwalaumu.

Ndeshi akaenda kwa Aminieli mikono mitupu. Aliniambia alikuwa anaona aibu hata kubisha hodi. Akamweleza yote. Aminieli akauliza, "Lilivuka Amsterdam?"

"Lilivuka."

"Likafika mpaka hapa uwanjani?"

"Mpaka mezani kwa afisa."

"Basi limefika. Kwetu isale likifikishwa kwenye lango, mwenye nyumba hawezi kusema hakuliona." Akaanza kulia, na Ndeshi akakaa naye.

Aminieli alinipigia simu kesho yake. "Mama Zuhura, shikamoo. Nikatie tiketi. Njia yoyote utakayoona, ila nimkute hai." Maana Mzee alikuwa amezidiwa, hatoki kitandani, na daktari amemwambia Aikande aite ndugu. Hiyo ilikuwa miongoni mwa tiketi zangu za mwisho, tajiri wangu mwenye ofisi alishasema inafungwa. Niliikata kama Mzee Salehe amenisimamia kwa nyuma. Ndege ya mapema kabisa iliyokuwepo, na nafasi ya kutosha pale kwenye fundo. Sijawahi kukata tiketi kwa uangalifu kama ile.

Aminieli akapanda. Tangu hapo simu yangu haikutulia. Aikande anapiga: "Baba anauliza yuko wapi." Namwambia sasa yuko juu ya Kanada bado, chini yake barafu. Baada ya muda anapiga tena: "Anauliza amefika wapi?" Namwambia mwambie yuko baharini, anakaribia Ulaya. Mzee alikuwa kitandani na ule uzi mkononi, anausogeza kati ya vidole kadiri anavyoambiwa. Kidole gumba kikafika kwenye fundo.

Na pale kwenye fundo kulikuwa na dhoruba. Upepo ambao haujaonekana siku nyingi, uwanja umefungwa, hakuna ndege inayotoka. Mngekuwa mmesoma vyuo vyote duniani, hapo hamna la kufanya. Aikande akapiga, "Baba anasema mbona humwambii asogeze uzi?" Jamani. Nikamwambia mwambie bado yuko pale pale, anangoja.

Mzee akasema, "Sasa na mimi ningoje." Akamshika Aikande mkono. "Nikishindwa, msichimbe kaburi mpaka afike. Na msiiulize simu. Muulizeni yule mama."

Akafariki mchana ule, kidole kiko kwenye fundo. Inna lillahi. Nimezika wazazi wangu wote wawili, lakini simu ile ya Aikande ndiyo iliyonikalisha chini sakafuni.

Aikande akamwandikia kaka yake ujumbe. Ukaonekana umesomwa. Tangu hapo hakupatikana tena.

Siku ya maziko ukoo ulishaipanga kabla mtu hajauliza. Mimi nilipanda Old Moshi asubuhi na khanga yangu, nimekwenda kuzika kama watu wengine. Jeneza limeshaletwa kutoka mochwari, liko sebuleni. Mchungaji amefika. Wanawake wanageuza machalari, zile ndizi na nyama, kwenye masufuria makubwa. Vijana wamesimama nyuma ya nyumba na majembe, wanangoja kuambiwa wachimbe. Na Aminieli hayupo, dhoruba imekatika lakini foleni ya abiria waliokwama ni ndefu, na shirika la ndege limeniambia atapitishwa mji mwingine, siku haijapangwa. Manung'uniko yakaanza. Wengine wametoka Dar, likizo zinaisha. Jamaa mmoja mwenye miwani akasema kwa sauti, "Ndege gani hiyo isiyofika? Au anakuja na punda? Ngoja ngoja huumiza matumbo!"

"Tumbo lako limejaa machalari tangu asubuhi, linaumia na nini?" nikamjibu. Nilikuwa nimekasirika, mtanisamehe, nilikuwa msibani kwa watu.

Mzee Ndetaramo akanigeukia. Alikuwa ameshika fimbo ya kaka yake. "Wewe ndiye mama wa tiketi? Marehemu alisema tukuulize. Simama uwaambie watu. Anakuja au haji?"

Nikasimama. Kuongea kwenye dirisha la ofisi ni kitu kimoja na kusimama mbele ya ukoo mzima ni kitu kingine. Nikamwomba Aikande ule uzi. Nikaunyoosha juu, nikawaambia, "Anakuja. Yuko hapa, kwenye hili fundo, na safari iliyopita alikuwa hapa hapa. Mlimzika mama yake akiwa amekaa hapa kwenye kiti, anawalilia watu wasiomjua wampe nafasi kwenye ndege. Sijui atafika kesho au kesho kutwa, na atakayewaambia anajua anawadanganya. Ninachojua ni kwamba hajakataa kuja. Mkichimba leo, mtakuwa mmemzika marehemu kinyume cha neno lake la mwisho, na huyu mtoto hamtamwona tena mpaka mfe."

Ng'ombe akalia zizini. Nilimwona Mzee Ndetaramo anaitazama fimbo. Baadaye Aikande aliniambia kwamba kwenye maziko ya mama yao ni Ndetaramo aliyetupa koleo la pili la udongo, baada ya Mzee Elirehema.

"Mrudisheni kaka mochwari," akasema. "Vijana, wekeni jembe moja hapo nyuma, mengine rudisheni ghalani. Mwenye likizo iliyokwisha aende salama. Sisi tunangoja."

Wengi wakaondoka. Yule wa miwani aliondoka wa kwanza. Waliobaki walikula machalari yaliyoongezwa maji, wakalala matanga, mvua ikanyesha ndani ya migomba, mlima hatukuuona hata mara moja. Mimi nilibaki. Nilijiambia ni kwa ajili ya Aikande, lakini ukweli niliogopa kurudi mjini kwenye ofisi yenye makasha.

Aminieli alifika siku ya tatu yake, asubuhi watu wanakunywa uji. Teksi ikasimama barabarani, akashuka, suti imekunjamana vile vile. Hakusalimia mtu. Hakumwangalia hata dada yake. Yule kijana alikuja akijua atakachokikuta, alishakikuta mara ya kwanza. Akapita katikati yetu, akazunguka nyuma ya nyumba kwenye kaburi la mama yake, na sisi tukamfuata kwa mbali.

Akatafuta udongo mbichi. Nilimwona anageuza kichwa huku na huku, anatafuta. Hakukuwa na udongo wowote. Pembeni ya kaburi la mama yake kulikuwa na nyasi tupu zenye umande, jembe moja limelala juu yake, na katikati ya zile nyasi kijiti cha isale ambacho baba yake alikipanda kwa mkono wake akiwa bado anatembea, kuonyesha mahali atakapozikwa.

"Mmemzika wapi?" akauliza.

Mzee Ndetaramo akamjibu. "Hajazikwa. Anakungoja wewe."

Aminieli akapiga magoti pale kwenye umande. Alilia mpaka wanawake wakaanza naye. Alipotulia akalishika lile isale, akalichunguza jani kwa jani, na upande mmoja akaona pamekatwa, kovu limeshakauka. Akatutazama, akaniona mimi, sijui kama alinijua kwa sura.

"Mama, lile la Vancouver lilitoka hapa?"

Nikamwambia lilitoka hapo, baba yake aliniambia mwenyewe.

Akavua koti, akamkabidhi Aikande, akachukua jembe.